Woga wa Mita ya Sitini na Tatu

Siku mzee Ndele Kyando alipokuja kukabidhi kipande cha arobaini na moja, mkewe alikuwa na siku kumi na tisa kaburini. Naanza na jambo hilo kwa sababu ndilo nililoanza nalo siku ile, na ndilo lililonipoteza.

Mzee Kyando alikuwa msimamizi wa wachimbaji katika handaki la reli tulilokuwa tukilipitisha chini ya milima ya Kipengere. Kampuni tatu zilifanya kazi mle ndani. Wachimbaji walitangulia kuutoboa mwamba, wa pili wakauvika zege, wa tatu wakalaza reli na nyaya. Watu wa kampuni hizo walizungumza lugha saba, na kila baada ya mita themanini kazi ilihama kutoka mikono hii kwenda mikono ile. Mimi, Tusekile Mwambene, kazi yangu ilikuwa hapo hapo inapohama.

Zamani, kabla sijaajiriwa, makabidhiano yalikuwa karatasi. Msimamizi anajaza fomu ya kurasa sitini, anayepokea anasaini bila kuisoma, na likitokea la kutokea kila upande unatoa nakala yake kabatini. Kisha vikaja viti. Anayekabidhi anakaa, anavalishwa utepe kichwani, halafu anakipita kipande chake kwa mawazo kuanzia mita ya kwanza hadi ya themanini. Utepe unachukua anachokijua: maji yanachuruzika wapi, boliti gani iliingia kwa shida, mwamba ulibadilika rangi mahali gani. Anayepokea anakaa kwenye kiti cha pili, na akiinuka anakijua kipande kana kwamba alikichimba yeye. Hahitaji fomu wala mkalimani.

Ila mtu hawezi kuukumbuka mwamba peke yake. Mwaka wa pili wa mradi, msimamizi mmoja wa reli alipokea kipande kutoka kwa mwenzake aliyekuwa amefiwa na mtoto. Aliinuka kitini akimlilia mtoto yule kwa jina, na akalia mwezi mzima, mtu ambaye hakuwahi kuzaa. Ndipo tukawekwa sisi wachujaji. Kumbukumbu inapita kwangu kwanza. Naiishi yote, naondoa ya nyumbani, naondoa machungu na hasira na hofu, naacha ya kazi tu, ndipo naiachia iende kwa mpokeaji. Ile ghafi inafungiwa siku ishirini na moja, kisha inajifuta yenyewe. Sheria iliwekwa hivyo ili siri za watu zisikae mikononi mwa kampuni. Katika siku hizo mchujaji peke yake ndiye anayeweza kuifungua, na akitaka kumwonyesha mtu mwingine lazima apate saini ya mwenye kumbukumbu.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia siku ile.

"Marahaba, Tuse." Akakaa taratibu, kofia yake ngumu ameiweka magotini. "Leo nitakusumbua. Kichwa hakijatulia."

"Pole sana. Wewe pita tu kama kawaida. Ya nyumbani nitayaondoa."

"Yaondoe. Yule mama apumzike. Sitaki aende kwa watu."

Nilikuwa sijamfunga utepe bado wakati mlango ulipofunguliwa, akachungulia Enesia Mbwilo, msimamizi wa wavika zege, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kutembea na wa kusema.

"Dada Tuse, nusu saa?"

"Saa nzima."

"Nusu saa, tafadhali. Mashine imeshaanza kukoroga, na zege halina subira." Akamwona mzee, akashusha sauti. "Pole na msiba, mzee wangu."

"Tumeshapoa, mwanangu."

Akatoka kwenda kungojea nje. Nikaanza kazi.

Kipande kilikuwa safi. Mzee Kyando alikuwa mtu wa kukumbuka kwa mpangilio, kama mama anayepanga vyombo. Kila boliti mahali pake, kila ufa na kipimo chake. Nilipita naye mita ya kumi, ya thelathini, ya hamsini. Pale mita ya sitini na tatu akasimama.

Alikuwa peke yake na mtaimbo mkononi. Akaugonga mwamba juu ya kichwa chake, mwamba ukalia vizuri. Akagonga tena, ukalia vile vile. Vipimo vyote vilisoma salama. Nilikuwa navyo mbele yangu nikavihakikisha. Lakini yeye hakuondoka. Kitu kilianza tumboni kikapanda hadi kooni, na kwa kuwa nilikuwa ndani ya kumbukumbu yake, kooni kwangu pia kikapanda. Alikuwa anaogopa. Hakujua anaogopa nini. Akasema kwa sauti, "Mama Lwitiko, usiniache hapa." Papo hapo ikaingia wodi ya hospitali, na mkono wa mkewe juu ya shuka, na yeye ameushika. Woga na mkono ule vilikuwa vimesokotana, sikuweza kuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Alisimama hivyo mpaka watu wake walipomwita.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuweka alama ya njano, ambayo ingemwambia mpokeaji kwamba aliyekabidhi alikuwa na mashaka mahali fulani. Alama ya njano inasimamisha kazi siku mbili ili wahandisi wapime upya. Ya pili, kukata.

Nikavitazama vipimo tena. Nikaisikia mashine ya Enesia ikikoroga kule nje. Nikasema moyoni, huyu mzee anaomboleza, na angeogopa hata jikoni kwake. Nikakata. Zilikuwa sekunde arobaini.

Nilipomvua utepe akajipangusa uso kwa kiganja. Alipofika mlangoni akageuka.

"Pale sitini na tatu umepaona?"

"Nimepaona, mzee."

Akatikisa kichwa kuridhika, akatoka. Nilimwona kupitia dirishani akipishana na Enesia. Walisalimiana, wakashikana mikono, kila mtu akashika njia yake. Kabla ya viti, pale pale mlangoni angemwambia, "Mwanangu, mita ya sitini na tatu sipapendi, sijui kwa nini." Hakumwambia. Kwa nini aseme kwa mdomo jambo ambalo ameshalitoa kichwani lote?

*

Mwamba ulishuka siku ya nne, saa nne asubuhi, upande wa kushoto, kuanzia mita ya sitini na tatu hadi ya sitini na saba. Yona Mwampashi na Fideli Ngailo, mafundi wa zege, walikufa pale pale. Enesia alitolewa akiwa hai, baada ya kufukiwa kwa muda wa saa tisa. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Nilikuwa ofisini mlima ulipotikisika. Mtu alipita mbio akipiga kelele, "Arobaini na moja! Arobaini na moja!" Sikuhitaji kuuliza mita gani.

Tume iliketi katika bwalo la chakula, meza zimesogezwa ukutani. Mwenyekiti wake alikuwa Injinia Komba, mtu mpole, mwenye tabia ya kuandika kila jibu kwa mkono kabla ya kuuliza swali lingine. Siku ya kumi na tano tangu makabidhiano, Enesia aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Nilipokea kipande kutoka kwa mzee Kyando," alisema. "Nakijua kuliko nyumba yangu. Pale sitini na tatu palikuwa shwari. Nimepapita kichwani kila siku tangu nizinduke, natafuta kama kuna mahali alisita. Hakusita. Hakuwa na wasiwasi hata chembe."

"Ungefanya nini kama angekuwa nao?" Injinia Komba akamuuliza.

"Ningewatoa watu wangu. Yona na Fideli wangekuwa wanakula chakula cha mchana sasa hivi."

Mzee Kyando aliitwa baada yake. Alisimama, ingawa alipewa kiti.

"Mimi niliogopa pale," alisema.

Injinia akaandika, kisha akamtazama. "Mzee, kumbukumbu uliyomkabidhi mwenzako haina woga wowote."

"Nimesikia."

"Je, inawezekana woga huo ulikuja baada ya ajali? Watu wengi hukumbuka hivyo. Si uongo, ni akili tu inajilaumu."

Watu wa nje wasiojua kazi yetu wanashangaa nikiwaambia kilichofuata, lakini sisi tulikuwa tumeishi na viti miaka minane. Tulizoea kwamba kiti kinajua kuliko mtu. Tukibishana juu ya jambo la juzi tulisema, "Ngoja tukaulize kiti."

"Inawezekana," mzee akasema. "Kiti hakisahau. Mimi nasahau."

Injinia akanigeukia. "Mchujaji, uliondoa kitu katika kumbukumbu hii?"

"Niliondoa ya nyumbani," nikasema. "Kwa ombi lake mwenyewe."

Kila neno katika jibu lile lilikuwa la kweli. Injinia Komba aliliandika lote, akafunua ukurasa mwingine.

Tulipotoka mzee alinifuata hadi kwenye bomba tunaponawia mikono. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta funguo.

"Tuse, hebu nisaidie. Nahisi siku ile mlangoni nilikuuliza kitu. Nilikuuliza?"

Maji yalikuwa yanamwagika. Ningeweza kumwambia hapo hapo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kutusikia.

"Sikumbuki, mzee," nikasema.

"Haya," akasema. "Basi sikuuliza."

*

Zilibaki siku sita. Fomu ya saini nilishaijaza jina lake, ikakaa kwenye droo yangu. Mara mbili niliifungua ile kumbukumbu ghafi nikaenda moja kwa moja hadi mita ya sitini na tatu, nikisema labda nitakuta nilikosea, labda ulikuwa msiba tu. Mara zote mbili nilijikuta nimeshika koo.

Sababu za kutosema nilikuwa nazo, na nzuri. Kuionyesha tume sehemu ile kulimaanisha kuwaonyesha watu tisa mzee wa miaka hamsini na sita akimwomba marehemu mkewe asimwache gizani. Aliniomba kwa kinywa chake mkewe asiende kwa watu. Sheria ilikuwa upande wangu pia: kama hajasaini, siwezi. Na hawezi kusaini mpaka ajue kwamba kuna kilichokatwa. Na hawezi kujua mpaka nimwambie. Kila asubuhi nilifika hapo kwenye kumwambia, nikageuka kama mtu aliyefika mlangoni pa watu akakuta mbwa.

Nilijiambia namlinda mzee. Leo naweza kusema bila kuzunguka kwamba niliyemlinda ni aliyekata.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa Alhamisi. Muda wa kufutika ulikuwa saa sita mchana. Nilikaa mbele ya skrini tangu saa tano na nusu, mikono mapajani. Mwenzangu aliingia kuuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Dakika tano kabla ya saa sita niliitoa ile fomu kwenye droo. Dakika mbili kabla, nikairudisha. Kisha jina la Ndele Kyando likatoweka kwenye orodha, la chini yake likapanda kuchukua nafasi.

Nilitegemea nitapata nafuu. Sikuipata.

*

Tume ilisoma uamuzi siku nne baadaye, katika bwalo lile lile. Ilisema msimamizi wa wachimbaji hakukabidhi hatari aliyoijua au aliyopaswa kuijua. Kibali chake cha usimamizi kilifutwa. Familia za marehemu zilikuwepo. Mama yake Yona alikaa mstari wa mbele na mtandio wake umefunika mdomo.

Mzee Kyando alipewa kalamu asaini, akasaini bila kusoma. Kisha, badala ya kurudi kwenye nafasi yake, akaenda hadi kwenye kiti cha Enesia, akachuchumaa mbele yake, kazi ngumu kwa magoti yake.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Nilipaswa kuogopa."

Hapo ndipo niliposimama. Ningependa kusema nilisimama kwa ujasiri, lakini ukweli ni kwamba miguu ilisimama yenyewe, kama vile mtu anavyoruka akimwagikiwa maji ya moto.

"Aliogopa," nikasema. "Aliogopa, na aliupeleka woga wake. Ni mimi niliyeukata."

Bwalo zima liligeuka. Injinia Komba hakuandika. Nikaeleza: mtaimbo, sekunde arobaini, alama ya njano ambayo sikuiweka, swali la mlangoni. Habari za mkewe sikuzigusa. Nikasema tu kwamba alikuwa na msiba nami nikadhani ni msiba.

"Kumbukumbu ghafi iko wapi?" Injinia akauliza.

"Ilifutika Alhamisi."

"Na ulikuwa unajua itafutika."

"Nilijua."

Mtu mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba dada huyu anamhurumia mzee tu, anataka kumbebea mzigo. Wengine wakaguna kukubali. Mama yake Yona hakugeuka kunitazama. Enesia ndiye aliyenitazama, tena kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa bado juu ya bega la mzee.

"Dada Tuse," akasema, "ulipoukata ule woga, uliuweka wapi?"

"Sikuuweka popote."

"Kwa hiyo wewe ulikuwa nao. Siku nne zile, nilipokuwa nawapeleka watu wangu mle ndani kila asubuhi, na wewe unatupungia mkono dirishani. Ulikuwa nao."

Alichosema ndicho kilichokuwa.

Nilifukuzwa kazi, na nilistahili zaidi ya hapo. Utaratibu ulibadilishwa: siku hizi anayekabidhi na anayepokea lazima wakae pamoja dakika kumi, bila utepe, wakizungumza kwa vinywa vyao, hata ikibidi waonyeshane kwa vidole kwa kukosa lugha moja. Lakini uamuzi juu ya mzee Kyando haukufutwa. Tume iliandika kwamba maelezo ya mchujaji hayakuweza kuthibitishwa.

*

Ilinichukua miezi miwili kupata uso wa kumfuata. Alikuwa amerudi kwao, juu kule Makete, ambako asubuhi ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Nilimkuta shambani akichimba viazi, koti zito mwilini, gunia likiwa limejaa nusu. Aliponiona alisimama akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima. Hakutukana. Alikaa juu ya gunia, akanionyesha kifusi cha udongo nikae.

"Kuna kiti cha zamani kwenye chuo cha ufundi pale Njombe," nikamwambia. "Wanafundishia. Nimewaomba, wamekubali. Nikikaa mimi upande wa kukabidhi naweza kukupa nilichokiona. Kimepita kwangu, hakitakuwa safi, lakini utakijua."

Akakataa kabla sijamaliza. "Sitaki tena kitu cha mtu kichwani mwangu. Hata kikiwa changu. Niambie kwa mdomo."

Nikamwambia. Mtaimbo, mlio wa mwamba, jinsi alivyogonga mara ya pili. Jinsi kilivyoanzia tumboni. Nikamwambia na lile alilomwambia mama Lwitiko, kwa kuwa lilikuwa lake, na hapakuwa na mtu mwingine. Alifumba macho niliposema hilo. Yote hayakuchukua hata dakika mbili. Kitu kilichokuwa kimenikaba miezi yote ile, nilipokitoa mdomoni kilikuwa sentensi chache za kawaida, kama mtu anayeeleza mwavuli ulipompotelea.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

"Ni hivyo."

"Tume ilisema labda nilianza kuogopa baadaye. Usiku na mchana nimekaa na neno hilo. Kuna siku naamini niliogopa, kuna siku naona nimejitungia ili nilale." Akakiokota kiazi kimoja, akakipangusa udongo kwa kidole gumba. "Nilitazama upande gani?"

"Kushoto."

"Unasema kushoto kwa sababu ndiko nilikotazama, au kwa sababu ndiko kulikoanguka?"

Nilifungua mdomo nimjibu upesi. Nikarudi pale kichwani, mita ya sitini na tatu, kama nilivyokuwa nimerudi mara mamia tangu siku ile. Nikauona mtaimbo. Nikaona mwamba. Nikamtafuta yeye, kichwa chake kimeelekea wapi, na kila nilipomkuta alikuwa anatazama kushoto, lakini kule kushoto tayari kulikuwa na vifusi, na kofia ya Fideli, na mambo ambayo siku ile hayakuwepo bado.

"Mzee," nikasema, "nadhani..."

"Hapana," akasema. "Ukidhani hainisaidii."

Alingoja. Alikuwa ananitazama kwa makini, bila hasira, na nadhani angeamini chochote ambacho ningekisema kwa uhakika. Ukungu ulikuwa umeanza kupungua, na mwanamke mmoja kwenye shamba la jirani alikuwa anamwita mtu.

"Siku ile ungejua," akasema hatimaye.

"Siku ile ningejua."

Akatikisa kichwa, akakitia kiazi guniani. Kisha akashika magoti akainuka, akajikung'uta udongo kwenye suruali.

"Haya, twende ukanywe chai," akasema. "Umetoka mbali."